RUHUSA YA MDOMO HAITOSHI
Saa ya dini kwa watoto wetu wa shule



Hivi karibuni mwenzetu mmoja, fundi wa magari hapa mjini Machakos, alipoteza mshahara wa siku moja. Hakuwa mgonjwa, wala hakugombana na mwajiri wake. Aliitwa shuleni kwa ajili ya mwanawe.

Kijana huyo yumo katika shule ya serikali, shule ya kutwa. Kwa miaka miwili yeye na Waislamu wenzake wachache walikuwa wakiruhusiwa kutoka kila Ijumaa saa sita na nusu. Walikwenda msikitini mjini, wakasikiliza hotuba, wakaswali, wakabaki kidogo na mwalimu wao wa dini, kisha wakarudi darasani saa nane na nusu. Walikosa kipindi kimoja, na kipindi hicho walikinakili jioni kutoka kwa wenzao. Hapakuwa na malalamiko yo yote.

Kisha mwalimu mkuu akahamishwa, akaja mwingine. Ijumaa ya kwanza vijana walitoka kama desturi yao. Waliporudi walikuta lango limefungwa, wakaambiwa warudi Jumatatu pamoja na wazazi. Jumatatu mwenzetu akasimama mbele ya meza ya mwalimu mkuu, akaeleza kwamba ruhusa ilikuwapo tangu zamani. Mwalimu mkuu hakumtukana. Alimwuliza neno moja tu: "Imeandikwa wapi?"

Haikuandikwa po pote.

Ndugu, sisi wafanya kazi twalijua sana swali hilo. Ni nani kati yetu ambaye hajaulizwa hivyo na mwajiri? Msimamizi mwema anakuruhusu uende kumwona mama mgonjwa. Msimamizi huyo akiondoka, ruhusa yake inaondoka naye. Mwenye duka wa zamani alikuwa akitoa chai ya saa nne. Mwanawe akishika duka, chai inakwisha. Wazee husema kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Ndiyo sababu chama kikaundwa, ili yale tunayopewa kwa hisani yageuke kuwa mapatano yenye sahihi chini yake.

Kwa hiyo halmashauri ya tawi letu ilikaa kulijadili jambo hili, na katika ukurasa huu twatoa maoni yetu. Twasema hivi: mtoto wa shule ya serikali ambaye mzazi wake anataka aende kuabudu au kufundishwa dini yake nje ya shule, kwa saa chache zinazojulikana, aruhusiwe. Na ruhusa hiyo iwe ni kanuni iliyoandikwa, si hisani ya mwalimu mkuu aliyepo.

Hatukukubaliana mara moja. Mjumbe mmoja, ambaye ni mzee wa kanisa, aliuliza kwa nini chama cha wafanya kazi kiingie katika mambo ya dini. Swali lake ni la haki, na yafaa lijibiwe kwanza.

Chama hakina dini. Katika daftari letu la wanachama wamo watu wa A.I.C., Wakatoliki, watu wa Jeshi la Wokovu, Wasabato, Waislamu, na wasiokwenda kanisani wala msikitini. Wote hulipa ada ile ile. Hatutaki kumwambia mtu ye yote asali vipi. Lakini mwanachama anapoitwa shuleni siku ya kazi na kupoteza mshahara, hilo ni jambo la chama. Na mwanachama anapoambiwa achague kati ya elimu ya mtoto na imani ya nyumba yake, huku kodi yake ndiyo inayoendesha shule ile, hilo pia ni jambo la chama.

Tena, watoto wa matajiri hawana taabu hii. Baba mwenye fedha humpeleka mwanawe katika shule ya dini yake, akalipa karo, mambo yakaisha. Mtoto wa mpakiaji mizigo au wa yaya hana pa kwenda ila shule ya serikali iliyo karibu. Na mzazi mwenyewe anatoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, hata saa ya kumfundisha mtoto mambo ya dini haipati.

Sasa na tutazame tulikotoka. Huku Ukambani shule ililetwa na kanisa. Misheni ya Africa Inland ilianza kazi yake nchini mwaka wa 1895, huko Nzaui, chini ya Peter Cameron Scott. Baada yake wakaja wengine. Kwa miaka mingi kusoma na kubatizwa vilikwenda pamoja, na mzee aliyetaka mwanawe ajue kalamu alijua pia jina jipya litakuja. Hatusemi haya kwa ubaya. Wengi wetu tusingejua kusoma karatasi hii bila misheni. Lakini mambo yalikuwa hivyo, na Mwislamu wa mjini alibaki na chuo chake cha Kurani, mbali na vyeti vya serikali.

Baada ya uhuru serikali iliona kwamba shule inayoendeshwa kwa fedha ya wote haiwezi kuwa ya kanisa moja. Tume ya Profesa Ominde ilitoa taarifa yake, na mwaka wa 1968 Bunge likapitisha Sheria ya Elimu. Makanisa yakaacha kuziendesha shule, yakabaki kuwa wafadhili. Katika sheria hiyo kulikuwa na kifungu cha 26, na kila mzazi angefaa kukijua. Kilisema mambo mawili. La kwanza, mzazi akiomba mtoto wake asihudhurie ibada au mafundisho ya dini shuleni, mtoto aachiliwe. La pili, mzazi akitaka mtoto apate ibada au mafundisho ya dini ambayo shule haina, shule imtengenezee nafasi kadiri iwezekanavyo.

Angalieni, ndugu, jinsi kifungu hicho kilivyomweka mzazi mbele. Hakikusema mwalimu mkuu akipenda. Kilisema mzazi akitaka.

Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013. Sheria hii mpya, katika kifungu cha 27, inampa mfadhili wa shule kazi ya kutunza mambo ya kiroho, lakini inamwambia pia alinde dini na madhehebu ya wengine. Na juu ya sheria zote ipo Katiba ya mwaka wa 2010. Kifungu cha 8 chasema nchi yetu haina dini ya serikali. Kifungu cha 32 chasema kila mtu ana haki ya kuishika dini yake kwa ibada, kwa matendo, kwa mafundisho, na kwa kuitunza siku yake ya ibada. Tena mtu asinyimwe nafasi katika taasisi, kazi wala huduma yo yote kwa sababu ya imani yake. Wala asilazimishwe kutenda lililo kinyume cha imani hiyo.

Neno "mafundisho" limo, na neno "siku ya ibada" limo. Haki ipo. Kinachokosekana katika shule nyingi ni utaratibu wa kuitumia, na pasipo utaratibu watu huishia mahakamani.

Kanisa la Wasabato lilikwenda mahakamani kwa sababu watoto wao walitakiwa kuingia darasani Jumamosi. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba watoto hao waachiliwe waitunze Sabato yao, ambayo huanza jua likichwa Ijumaa na kwisha jua likichwa Jumamosi. Huko Isiolo, katika shule ya St. Paul's Kiwanjani, paliinuka shauri la wasichana Waislamu kuvaa hijabu pamoja na sare ya shule. Mwaka wa 2016 Mahakama ya Rufani iliwapa haki. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi huo, kwa sababu ombi lile halikuletwa mahakamani kwa utaratibu unaotakiwa. Miaka ikapita, fedha zikatumika, na msichana aliyeanza shule kesi ikianza akaimaliza shule kabla ya kesi kwisha.

Je, fundi wa magari ataweza kwenda hadi Mahakama ya Juu kwa ajili ya kipindi kimoja cha Ijumaa? Hawezi. Mfanya kazi hahitaji ushindi wa mahakamani kila mwaka. Anahitaji kanuni iliyobandikwa ukutani, ambayo mwalimu mkuu mpya ataikuta na kuifuata.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Marekani walilipigania muda mrefu. Katika mji wa Champaign, jimbo la Illinois, walimu wa dini walikuwa wakiingia shuleni saa za masomo. Mtoto mmoja ambaye wazazi wake hawakutaka mafundisho hayo alitengwa, akaketi peke yake nje ya darasa. Mama yake akashitaki, na mwaka wa 1948 Mahakama Kuu ya nchi ile ikaukataza mpango huo. New York walikuwa na mpango wa namna nyingine. Mzazi aliandika barua, mtoto akatoka shuleni saa moja kwa wiki kwenda kanisani kwake au katika nyumba ya dini yake, na waliobaki wakaendelea kukaa darasani. Mwaka wa 1952 mahakama ile ile iliukubali mpango huo, majaji sita kwa watatu. Majaji sita waliona kwamba serikali haikutumia darasa lake wala fedha yake kufundisha dini. Ilipanga ratiba tu ili mzazi apate nafasi yake. Mmoja wa wale watatu alionya kwamba shule isije ikawa kama jela ya muda kwa mtoto asiyetaka kwenda kanisani.

Sisi twaona pande zote mbili zilisema kweli. Mtoto anayetoka asiadhibiwe, na mtoto anayebaki asiadhibiwe. Ikiwa wanaobaki wataketishwa tu wakihesabu nzi, baada ya mwezi mmoja nao watajidai wana dini ili watoke nje. Ikiwa wanaotoka watapewa mtihani saa ile ile kila wiki, basi ruhusa yao ni jina tu.

Huku kwetu kuna kipindi kimoja cha wiki cha mafundisho ya kichungaji, ambacho watoto hukijua kwa herufi za PPI. Kipindi hicho ni chema kwa mtoto ambaye mchungaji wake anakuja. Lakini katika shule yenye Waislamu wanane kati ya mia tano, nani huja kwa ajili ya hao wanane? Mara nyingi huketi nyuma na kusikiliza mahubiri ya wengine, au hutumwa kufagia uwanja. Kumbe saa yenyewe ilikwisha kutengwa katika ratiba! Kama wangeruhusiwa kuitumia saa hiyo kwa mwalimu wao mjini, hata kipindi kimoja cha hesabu kisingepotea.

Sasa twajibu yale yanayosemwa na wanaopinga, maana wako miongoni mwetu, na si watu wabaya.

Wengine husema masomo yataharibika. Tumeuliza, ni masomo mangapi? Kanuni za serikali za mwaka wa 2015 zasema vipindi vya darasani ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Lakini kila mzazi anajua kwamba katika shule nyingi watoto wameingizwa darasani gizani, wakatolewa gizani, na Jumamosi wakaitwa tena. Shule iliyochukua alfajiri, jioni na Jumamosi ya mtoto, isilalamike sana ikiombwa saa moja ya Ijumaa. Kama saa za kanuni zingefuatwa, chuo cha jioni na kanisa la Jumamosi vingepata nafasi yao bila kuomba ruhusa, na mabishano haya yangepungua nusu.

Wengine husema kila dhehebu litadai siku yake, na shule itabaki tupu. Hili halijatokea. Wengi wa watoto wa Machakos ni Wakristo wanaoabudu Jumapili, na Jumapili shule imefungwa. Wao wamekwisha kupewa siku yao na kalenda yenyewe, ndiyo maana hawajui uchungu wa kuiomba. Wanaobaki ni wachache. Uchache wao ndio unaolifanya jambo hili kuwa jepesi kulitengeneza.

Wengine husema, na hili ni zito, kwamba hatujui watoto watafundishwa nini huko nje. Baada ya Shakahola mwaka wa 2023, ambako miili ya watu zaidi ya 400, wakiwamo watoto wengi, ilifukuliwa msituni, hakuna mzazi wa Kenya anayeweza kulidharau neno hili. Nasi hatulidharau. Lakini Shakahola palikuwa mahali pa siri, na watoto wa kule waliondolewa shuleni kabisa. Mpango tunaotaka sisi ni wa wazi. Mahali panajulikana, mwalimu anajulikana, mzazi ameandika, mtoto ameondoka saa fulani na kurudi saa fulani, na jina lake limo katika daftari. Mtoto anayetoka kwa njia ya mlango ni rahisi kumlinda kuliko anayeruka ua.

Na wengine, hasa walimu, husema mzigo utawaangukia wao. Mwalimu ni mfanya kazi mwenzetu. Haifai tumtafutie mzazi nafuu kwa kumwongezea mwalimu kazi bila malipo. Mwalimu mkuu yule wa mwenzetu alisema pia, "Kijana akigongwa na gari barabarani, nani atajibu?" Alisema kweli. Leo, kwa ruhusa ya mdomo, angejibu yeye peke yake. Kanuni iliyoandikwa humlinda na yeye.

Basi, ndugu, haya ndiyo tunayotaka yaandikwe.

Kwanza, mzazi au mlezi aandike barua mwanzoni mwa mwaka, ataje mahali, siku na saa. Barua itunzwe shuleni na nakala ibaki kwa mzazi. Mwalimu mkuu akihamishwa, barua isihamishwe.

Pili, msikiti, kanisa au hekalu litakalowapokea watoto lijulikane kwa shule, lipeleke mtu mzima wa kuwachukua na kuwarudisha, na liandike mahudhurio. Kazi hiyo isiwe ya mwalimu.

Tatu, saa iwe na mpaka. Ijumaa, ambapo swala ni karibu saa saba, sehemu kubwa ya muda huo ni saa ya chakula. Shule ikipanga michezo au PPI baada ya chakula siku hiyo, hakuna somo litakalopotea.

Nne, mitihani isiwekwe kwa makusudi saa hiyo, wala Jumamosi kwa watoto Wasabato, pasipo njia nyingine ya kuifanya.

Tano, wanaobaki waendelee na kazi ya maana. Mtoto asiulizwe mbele ya wenzake kwa nini ametoka au kwa nini amebaki. Asiye na dini asilazimishwe kwenda po pote.

Sita, pasiwe na mchango. Wala shule wala nyumba ya ibada isitoze hata shilingi moja kwa ruhusa hii. Twazijua njia ambazo haki hugeuzwa kuwa karo.

Twaombe nini zaidi? Hakuna. Hatuombi serikali ijenge misikiti wala ilipe wachungaji. Hatuombi dini moja ipewe kiti cha mbele. Twaomba saa moja, kwa karatasi.

Na kwa wanachama wenyewe tuna neno. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa kila mwajiriwa angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na inakataza ubaguzi wa dini kazini. Wengine wetu katika karakana na maduka ya mji huu wamepatana na waajiri watoke Ijumaa kwenda kuswali na wailipe saa hiyo jioni. Wasabato wengine wamepatana kufanya kazi Jumapili badala ya Jumamosi. Mapatano hayo mengi ni ya mdomo. Kama tunamtakia mtoto karatasi, na tuanze na sisi wenyewe. Mwenye mapatano ya namna hiyo ayalete ofisini kwa karani wa tawi, yaandikwe vizuri, yapelekwe kwa mwajiri atie sahihi.

Kuhusu shule, twawaomba wazazi wasiende mmoja mmoja. Mzazi mmoja akienda anaonekana mgomvi. Wakienda kumi, wana barua moja na sahihi kumi, wanasikilizwa. Katika kila shule ya serikali kuna halmashauri ya usimamizi, na wazazi wana wajumbe wao humo. Waulizeni wajumbe hao wanasimama wapi. Na Mkristo aende pamoja na Mwislamu. Mzee wetu yule wa kanisa, aliyeuliza swali mwanzoni, alisema mwishoni mwa mkutano kwamba atakwenda na fundi wetu shuleni, kwa sababu mjukuu wake yumo katika shule hiyo hiyo, naye hataki mjukuu wake ajifunze kwamba jirani hufungiwa lango kwa kusali.

Barua ya mwenzetu imekwisha kuandikwa. Inangoja sahihi za wazazi wengine. Ipo ofisini, juu ya meza ya karani, na kalamu ipo kando yake.

Umoja ni nguvu.